Mpishi Aliyeosha Ardhi

Mpishi hakuwa akila mboga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililowachekesha watu kwanza, na yeye hakulificha. Alipanda mchicha, bamia, mabilingani, kunde, fijili na kotmiri. Akamwagilia kwa mkono wake, akavuna kwa mkono wake, akagawa vyote mpaka jani la mwisho, kisha akarudi nyumbani kula wali na samaki. Ukimuuliza sababu, alijigusa pua.

"Mimi nimezipika miaka yote ile," alisema. "Nshashiba kwa hii."

Tulimwita Mpishi kwa kuwa alikuwa mpishi wa jeshi mpaka alipostaafu. Hilo tulilisema nyuma yake. Mbele yake tulimwita Ami, sote, hata Bi Salma ambaye kwa umri alikaribiana naye na ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu.

Tulijuana Sib, pwani ya Maskati, kwenye shamba la zamani la mitende lililobakia katikati ya nyumba mpya. Mwenye shamba, mjane mkongwe tuliyemwita Bibi, hakuwa tena na wa kulilima. Akaligawa vipande, kila jirani aliyetaka akapewa chake, kwa sharti moja tu: ardhi isikae uchi. Wengi wetu tulikuwa watu wenye Kiswahili majumbani, wa Unguja, wa Pemba, wa bara, na kila mmoja alikuwa na jani lake analolikosa sokoni. Mimi lilikuwa kisamvu. Bi Salma lilikuwa mchicha ule wa majani madogo. Mpishi, ambaye hakukosa chochote kwa kuwa hakula chochote, alichukua kipande kikubwa kuliko wote.

Na mimi ni nani? Mimi nilirejea Oman kutoka Tabora nikiwa kijana nisiyejua hata kuomba maji kwa Kiarabu. Wazee wangu walikuwa na jina la kabila na pasi ya kusafiria, basi. Mchana nilibeba marobota bandarini Matrah, jioni nilikaa darasani na watoto walionicheka matamshi. Sikumuomba mtu. Leo nina stashahada ya kilimo na umwagiliaji, nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona, na nina kampuni yangu ya kutengeneza bustani. Nusu ya miti ninayoipita nikienda mjini niliipanda mimi au vijana wangu. Nayasema haya wazi, kwa sababu unyenyekevu wa uongo ni uongo tu, na kwa sababu Mpishi mwenyewe aliponiona mara ya kwanza hakuona lolote katika haya.

Aliona ninavyolima.

"Wewe bwana," alinifokea toka kipande chake, "nyie watu wa bara mnalima kama mnazika. Shimo refu hilo la nani?"

"La muhogo, Ami."

"Muhogo huo umekufa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa shimo langu lilikuwa sawasawa na shina lile lilikuja kuzaa mihogo minene kama mkono wa mtu.

Alikuwa mtu wa vazi moja. Kikoi kilichopauka, fulana nyeupe, kofia ya vitobo iliyoshonwa vizuri mno kwa kazi ile ya vumbi, na miguuni viatu vya jeshi vilivyofungwa kamba hadi juu. Shingoni alining'iniza filimbi. Ikifika saa kumi alasiri aliipiga, na hiyo ilikuwa chai. Hakujali kama umeshika jembe au mche mkononi. Chai ya jeshi haingoji. Ukichelewa alikumiminia ya masalio, ya chini kabisa, nyeusi yenye majani, akasimama kukutazama mpaka umeimaliza.

Lakini mtu huyohuyo wa saa na filimbi, akianza kukusimulia kisa, jua lilizama yeye hajafika kati. Alikuwa na kisa cha kanali aliyekataa kula kisha akakutwa jikoni akikwangua ukoko. Nimekisikia mara nyingi sana na hata leo sijui mwisho wake, maana kila mara alipokaribia alikumbuka jina la mtu mwingine, na huyo naye alikuwa na kisa chake.

Kitu kingine ni kwamba hakuweza kufanya kidogo. Maisha yake yote alikuwa amepikia kikosi kizima, na mkono wake ulikuwa umezoea kiasi hicho. Wengine tulipanda mstari wa kotmiri. Yeye alipanda uwanja. Tulipanda mabilingani ya kutosha nyumba. Yeye alipanda ya kambi.

"Ami," Bi Salma alimuuliza siku moja, "kotmiri hii ya harusi ngapi?"

"Ya wenye njaa."

"Kotmiri inashibisha nani?"

"Wewe panda yako, bibi. Yangu ina wenyewe."

Na kweli ilikuwa na wenyewe. Alipita milango ya watu na mafungu mapya, akaweka mengine msikitini, akawapa madereva, akawapa wavuvi wa pwani ya Sib ambao nao walimpa samaki. Hakuwahi kusema "nimekuletea zawadi". Alisema, "Shika hii, imenizidi," kwa sauti ya mtu aliyeudhika, kana kwamba wewe ndiye uliyemletea taabu.

Aliisifu ardhi ya Unguja kila siku. Ukiweka fimbo inachipua, ukitema mbegu inaota, na kadhalika. Ilinichukua muda kugundua kwamba yeye alikuwa mtoto wa mjini hasa, aliyekulia ghorofani juu ya duka, na kwamba ardhi pekee aliyoishika huko ilikuwa ya chungu cha mrihani kilichokaa dirishani. Kulima alijifunzia Maskati, uzeeni, kwa kujaribu. Nilipomtania kwa hilo hakutetereka.

"Sasa wewe, uliyelima tangu mtoto, kwa nini bado hujui?"

Jambo ambalo sote tulimheshimu kwalo, bila mzaha, lilikuwa maji. Mpishi aliogopa israfu, kutumia kitu ovyo, kuliko alivyoogopa nyoka. Alitia udhu kwa kikombe kimoja cha chai. Akipita akakuta bomba la mtu linadondoka, alilifunga, akamfuata mwenyewe mpaka nyumbani kumwambia. Alikuwa na kopo la maziwa alilolitoboa matundu chini, na kila alasiri aliinama, mche kwa mche, akaunyunyizia kila mmoja mikupuo michache, akisema Bismillahi kwenye kila mche. Ungemwona, ungesema hakuna mimea duniani iliyolelewa kwa adabu namna ile.

Na mimea ile ilikuwa inakufa.

Hapa ndipo niliposimama mimi katika kisa hiki, na sitajificha.

Huku kwetu rabii, majira yaliyo kati ya baridi na joto kali, ni fupi. Baridi ikianza kulegea mwezi wa pili, una wiki chache za kupanda kabla jua halijageuka adui, kwa hiyo kazi ya kuandaa ardhi ni ya mwezi wa kwanza. Mwaka ule ninaousema tulikuwa tumetoka katika msimu mbaya. Majani ya kunde yaliungua pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Maharage hayakuota kabisa. Bamia zilisimama, fupi, ngumu, zimenuna. Mchicha peke yake ndio uliojikaza.

Mwana mkubwa wa Bibi alikuja na gari lake, akatembea kati ya vipande vyetu, kanzu ameikusanya mkononi isiguse vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alichoka tu kuona mali ya mama yake inakauka.

"Hii ni nini?" alimuuliza Mpishi, ameshika jani.

"Kunde."

"Ilikuwa kunde."

Kisha akatwambia sote, kwa upole, lakini kwa namna ambayo ilieleweka. Maji ya kisima yameharibika, mitende ya upande wa pili imeshakufa, na kuna watu wanautaka uwanja ule uwe wa kuegeshea magari. Mama yake amekataa mpaka sasa kwa kutuonea haya sisi. "Nawapeni rabii hii," alisema. "Ikiisha na ardhi iko hivi, naleta kifusi. Na mama safari hii ameshakubali."

Alipoondoka hakuna aliyepiga filimbi. Tulisimama. Mpishi alikuwa ameliokota lile jani la kunde, analigeuzageuza.

"Ardhi ina njaa," alisema mwishoni. "Hailishwi."

Na alipotaka kuilisha, alijua chakula kimoja tu. Watu wa Sib tangu zamani wanaweka dagaa wakavu kwenye mashina ya mitende, na mitende ikanenepa. Mpishi aliliona hilo alipofika, likamwingia moyoni, maana lilikuwa jambo la jikoni. Kila mwezi wa kwanza aliagiza magunia ya dagaa kutoka pwani, akayamwaga kwenye vipande, vyake na vyetu, akayachanganya na udongo kwa koleo kama mtu anayesonga ugali wa kikosi. Harufu ilifika barabarani. Bi Salma alivuta buibui mpaka puani na bado alikuja kusaidia, kwa kuwa Ami amesema.

Mtende unavumilia chumvi. Kunde haivumilii. Dagaa wale walianikwa kwenye mchanga wa pwani na walikuja na bahari yao ndani ya gunia. Ongeza maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi yake, uyanyunyize kidogokidogo kila alasiri kwa kopo la maziwa: jua linanyonya maji, chumvi inabaki juu. Miaka na miaka. Nilichukua udongo wa vipande kadhaa nikaenda nao ofisini kwangu, nikaukoroga kwenye maji safi, nikatia kipimo. Mshale ulipanda kama homa ya mtoto.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nikamwendea. Nilitaka kumwambia peke yake, kwa heshima ya mkubwa wangu, lakini Ijumaa ndiyo siku aliyotupikia sote chakula cha mchana palepale shambani, na watu walikuwepo.

"Ami, ardhi haina njaa. Ardhi ina chumvi."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimepima."

"Na dawa yake?"

"Tuioshe. Tuchimbe mfereji kule chini, tuzungushe kingo kila kipande, tufungulie maji, hayahaya ya kisima, chumvi yake haifikii ya udongo, yasimame juu kama bwawa, yazame yaende na chumvi. Yakizama, tunafungulia tena. Mpaka itoke. Kisha ndiyo tupande."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Maji. Kwenye ardhi tupu."

"Ndiyo."

"Hamna mbegu, hamna mche, hamna kitu. Unamwaga tu."

"Ndiyo, Ami."

"Hiyo israfu, yakhe. Hiyo haramu. Nchi hii watu wamechimba milima wapate maji ya kunywa, wewe unataka kuyamwagia vumbi? Hicho cheti chako kimekufundisha hivyo? Nnakwambia mbele ya watu hawa, bomba hilo halifunguliwi."

Watu walikuwa upande wake. Sikuwalaumu. Yeye alikuwa Ami, na mimi nilikuwa fundi wa bustani za matajiri, mtu wa kumwaga maji kwenye nyasi za kutazama. Ningeweza kumsomea somo zima la udongo. Nimefundisha vijana wangu hilo somo na wamefaulu. Lakini nilijua kwamba mtu aliyeshikilia jambo la dini humwondoi kwa kipimo chenye betri.

Akanigeuzia mgongo akarudi kwenye kazi yake. Siku hiyo alikuwa anapika papa wa nazi. Papa mkavu wa chumvi wa Sib, mgumu kama mlango, alikuwa amemloweka vipandevipande kwenye beseni kubwa tangu asubuhi. Akaliinua beseni, akaenda nalo mpaka kwenye mabilingani yake, akayamimina maji yale ya samaki kwenye shina, taratibu, kwa mapenzi, kisha akarudi, akajaza maji mapya, akavirudisha vipande vya papa ndani.

Nilishangaa mpaka nikasahau hasira.

"Ami, unafanya nini hapo?"

"Naloweka papa. Huoni?"

"Si ulishaloweka?"

"Nimemloweka mara moja. Papa haliki kwa maji ya mara moja, atakukata ulimi. Unamloweka, unamwaga, unamloweka tena, unamwaga."

"Kwa nini usimnyunyizie tu?"

"Nimnyunyizie papa?" Aliwageukia watu. "Mnamsikia huyu? Umnyunyizie papa, chumvi itatoka wapi? Itarudi palepale ndani. Maji lazima yamfunike, yamwingie, halafu..."

Beseni lilikuwa mikononi mwake. Akalitazama. Akayatazama mabilingani, yaliyokuwa yamesimama kwenye tope la maji ya papa, majani yameungua pembeni. Kisha akanitazama mimi. Bi Salma, Mungu amlinde, ndiye aliyelisema.

"Ami," alisema, "mabilingani yale umeyatia chumvi tangu lini?"

Kicheko kilichotoka pale kilimleta jirani dirishani. Mtu alikaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia usoni, kwa sababu hapo ndipo shamba lingepona au lingekufa. Mpishi aliliweka beseni chini polepole. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ardhi hii ni papa," alisema.

"Ni papa, Ami."

"Na maji ya kumlowekea papa si israfu. Usipomloweka, papa mzima ndo unamtupa, na hiyo ndo israfu." Alijijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayejisomea hukumu. Halafu akaipiga ile filimbi mpaka masikio yakauma. "Mnacheka nini? Koleo! Nani kakwambieni mkae?"

Nasema kwa haki yake: stashahada yangu ilijua la kufanya, lakini isingeweza kuwanyanyua watu wale. Yeye aliwanyanyua. Alitugawa kama vikosi. Hawa mfereji, hawa kingo, hawa pampu. Dagaa wa mwaka ule, waliokuwa wameshaletwa, aliwarudisha pwani mwenyewe, gunia kwa gunia, na wavuvi walipomuuliza kulikoni aliwaambia wawape ngamia. Wazee wenye kisukari walibeba udongo. Mke wangu Zuhura, ambaye siku zote alisema shamba lile ni la wanaume kukimbia nyumba zao, alishinda pale akisawazisha kingo kwa reki. Nilisimama katikati nikiwaonyesha miteremko, ardhi iwe sawa kama meza ili maji yasimame kote, na kila nilipotoa amri yeye aliirudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa matusi ya jikoni, na ikatekelezwa.

Maji yalipofunguliwa mara ya kwanza, alisogea pembeni akageuka, hakuweza kuyatazama. Nilimwona midomo inacheza. Anaomba msamaha, nadhani, kwa tahadhari.

Yalizama. Siku zilizofuata tukafungulia tena. Kwenye mfereji wa chini yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na pale yalipokauka yaliacha ukoko mweupe. Nilikwenda na kipimo changu. Yeye alikwenda na kidole. Alikichovya mferejini, akakitia mdomoni, akafumba jicho moja kama mpishi anayeonja mchuzi wa wakubwa.

"Bado," alisema.

Kipimo nacho kilisema bado.

Mara ya pili: "Bado kidogo. Huu unamfaa mtu mwenye mafua."

Na siku ile ya mwisho alionja, akatema, akakifuta kidole begani kwangu. "Supu ya mgonjwa. Hii sasa panda." Nikatazama kipimo. Kilikuwa palepale nilipokitaka kifike. Nimefanya kazi na wahandisi wenye mashine za bei mbaya, na sijapata mwenzangu wa kukubaliana naye upesi namna ile.

Tukatia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Tukainua matuta. Hapo pia nilikuwa na langu: mbegu haziwekwi kileleni, maana chumvi inayobaki hupanda huko, zinawekwa ubavuni, karibu na maji. Mpishi aliwaamrisha watu, "Begani! Begani, si kichwani! Wewe, huyo mche nani kampandisha cheo?" Tukafunika ardhi kwa makuti yaliyokatwakatwa ili jua lisiinyonye. Kopo la maziwa alilipa likizo. Tulimwagilia mara chache, lakini kwa kushibisha.

Rabii ile siwezi kuisimulia bila kusimama wima.

Kunde zilitambaa mpaka zikashika njia. Bamia zilipita kimo cha Bi Salma na akalalamika kwamba hawezi kuzifikia. Maharage, yale ambayo hayakuwahi kuota hata moja, yalining'inia kama hereni. Maboga yaliingia kipande cha jirani bila ruhusa. Mabilingani ya Mpishi, yaliyookoka na maji ya papa, yaling'aa meusi hata ukajiona uso. Watu walisimamisha magari barabarani kutazama. Mtu aliuliza kama tumeleta udongo kutoka nje, nami nikamjibu, hapana, tumeutoa kitu tu.

Mwana wa Bibi alikuja mwishoni, kama alivyoahidi. Safari hii alikuja na mama yake. Bibi alishuka garini amemshika mwanawe mkono, akaingia kati ya matuta, akasimama. Alikuwa na miaka mingi hajaingia mule. Aliligusa jani la kunde kwa ncha ya kidole, akaligusa jingine.

"Mashallah," alisema. Akasema tena. Kisha akauliza, kwa Kiarabu cha watu wa zamani, nani kafanya.

Kila mtu alimtazama Mpishi. Yeye alisimama kama yuko kwenye gwaride, filimbi imelala kifuani, na mkono wake ukanyooka kwangu.

"Huyu," alisema. "Mtu wa bara. Ana cheti."

Nimepokea tuzo katika maisha yangu. Nimepigwa picha na watu wakubwa. Hakuna lililonikaa kifuani kama neno lile, kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye angeweza kunyamaza akachukua sifa yote, na hakuna ambaye angembishia. Mwana wa Bibi alinipa mkono. Kile kifusi kilikwenda kwingine, sijui wapi, na sikuuliza.

Tulilima misimu mingi baada ya hapo, kila mwezi wa kwanza tukiiosha ardhi kabla ya kupanda, mpaka ikawa ada ya shamba lile na wageni wakafundishwa bila kuambiwa ilianzaje. Halafu magoti ya Mpishi yakamshinda, na binti yake akamchukua kwake Ansab, mtaa mwingine wa Maskati, nyumba nzuri, mpya, yenye vigae kila mahali. Nilikuwa nikimtembelea. Alikaa mbele ya televisheni, amepungua, anawagombeza wapishi wa kwenye vipindi. "Anakaanga nini yule? Mafuta hayajachemka!" Shamba hakuliuliza. Nilielewa. Mtu akiulizia kitu asichoweza kukifikia anajiumiza bure, basi mimi nami nilimletea mabilingani tu, akampa binti yake, tukazungumza mengine.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikwenda Ansab nikiwa na habari ambayo haikuweza kungoja. Nilimkuta palepale.

"Khabari?"

"Nzuri, Ami. Bibi ameliweka shamba wakfu."

Alipunguza sauti ya televisheni.

"Wakfu wa nani?"

"Wa wenye kulima. Maisha. Haliuzwi, halirithiwi, halijengwi. Mwanawe mwenyewe amesimama shahidi. Na ametuongezea upande wa pili, ule wa mitende iliyokufa."

"Ule mweupe wa chumvi?"

"Ule ule."

Binti yake aliyekuwa ameleta kahawa alisimama na sinia mkononi, hajui aliweke au asiliweke. Nilifikiri mzee atalia, nami sikujiandaa kwa hilo.

"Mnauosha lini?" aliuliza.

"Watu wanakusanyika leo alasiri. Kingo tayari. Nimepima mteremko mwenyewe."

"Na wewe umekaa hapa unakunywa kahawa."

"Baba," binti yake alisema, "magoti."

"Simwagi maji kwa magoti. Nipe viatu."

Alivishwa viatu na binti yake, huku anagomba, na mimi nikambeba nusu, nusu akatembea, mpaka kwenye gari. Njia nzima kutoka Ansab hadi Sib alinifundisha kazi niliyomfundisha mimi, hatua kwa hatua, na nilimwachia. Nilikuwa na furaha isiyo na nafasi ya kusahihisha mtu.

Watu walipomwona walipiga makofi. Bi Salma alimletea kiti cha plastiki akakiweka kwenye kingo, kivulini. Alikataa. Alitaka kiti kiwekwe ndani, katikati ya ardhi ile nyeupe, pale ambapo mitende iliyokufa ilikuwa imeng'olewa na hakuna kilichoota kwa miaka. Tukampeleka. Akaketi, mikono juu ya magoti, viatu vyake kwenye ukoko wa chumvi.

"Haya," alisema, "fungueni."

Nilifungua mwenyewe. Maji yaliingia kwa kona ya mbali, yakatanda, yakaja polepole yakiubadilisha ule weupe kuwa kahawia. Yalipokaribia kiti Bi Salma alipiga kelele kwamba Ami ataloa, akashika mgongo wa kiti amvute. Mpishi alimpiga kofi dogo la mkono.

"Niache, bibi. Yaache yaje."

Yakaja, yakamfunika viatu, na yeye akakaa akiyatazama.